Amefia Kabuta: friji, jeneza, gari, na suala la kuchoma mwili

Maswali yanayokuja kutoka Lubumbashi, Tunduma, Kigoma na makazi ya wakimbizi ya Mantapala yanafanana. Ndugu amefariki Kabuta, mkoani Luapula, Zambia, au kisiwani, au njiani akifuata samaki Kashikishi. Kampuni ya mazishi iko wapi? Kuna gari lenye friji? Na je, kuna mahali pa kuchoma mwili, maana nauli ya kumrudisha nyumbani imetushinda?

Nianze na jibu lisilopendeza. Huku kando ya Ziwa Mweru usitegemee kukuta nyumba ya mazishi kama zile za Lusaka au Nairobi, unakokabidhi maiti leo na kurudi siku ya maziko ukute kila kitu tayari. Huduma zipo, lakini zimetawanyika. Friji iko hospitalini, jeneza kwa seremala, gari kwa mwenye kanta, karatasi ziko boma, yaani ofisi za wilaya, na kaburi liko kwa mkuu wa kijiji. Anayeziunganisha ni familia yenyewe. Kwa hiyo sitakupa orodha ya kampuni. Nitakueleza mnaanza na lipi na mnafuatisha lipi, kwa sababu fedha nyingi za msiba hupotea pale mambo yanapofanywa kwa mpangilio mbaya.

Kwanza kabisa: atazikwa wapi?

Swali hili lijibiwe siku hiyo hiyo, kabla hamjamlipa mtu yeyote. Jeneza la kuzikwa Kabuta si jeneza la kuvuka mpaka. Karatasi za kuzika kijijini si karatasi za kusafirisha. Nimeona familia zikinunua sanduku zuri la mbao, kisha mjomba anapiga simu kutoka mbali kusema mwili uletwe, na sanduku lile likawa halifai.

Kuhusu huyo mjomba: jamii nyingi za Luapula hufuata ukoo wa mama, hivyo ndugu wa mama wa marehemu ana sauti nzito msibani. Kama wewe ni mjane au mtoto na umetoka kwenye kabila linalofuata ukoo wa baba, usidhani neno lako peke yake linatosha. Mpigie mjomba mapema, kabla hajasikia kwa watu wengine.

Ukidhani hilo ni dogo, kumbuka Kenya. S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake akavutana mahakamani na ukoo wa mumewe hadi Mei 1987 ndipo Otieno akazikwa. Zambia nayo: Rais wa zamani Edgar Lungu alifariki Afrika Kusini tarehe 5 Juni 2025, familia na serikali wakakosa kuelewana, na mahakama ya Pretoria ikasimamisha maziko siku ile ile yaliyokuwa yafanyike. Hao walikuwa na mawakili. Ninyi mtakachokuwa nacho ni friji inayodai malipo.

Mkishakubaliana, teueni watu watatu, tena mbele ya wote:

- mshika fedha, mwenye daftari la kila kinachoingia na kinachotoka;
- mshika karatasi, anayekaa na vitambulisho na vyeti na asiyempa mtu nakala halisi bila sababu;
- msemaji mmoja, ambaye ndiye pekee anayezungumza na seremala, dereva na hospitali.

Mtu mmoja asishike kazi mbili kati ya hizi. Ni kweli kwamba wafiwa wamechoka na wanataka mtu mmoja mwaminifu afanye yote. Lakini mtu huyo mmoja ndiye atakayesingiziwa wizi wiki mbili baadaye.

Karatasi hutegemea alikofia

Akifia kituo cha afya au hospitali, mambo ni mepesi. Mhudumu huandika cheti cha kitabibu kinachotaja sababu ya kifo, nacho ndicho kinachofungua milango mingine: kibali cha kuzika na usajili wa kifo. Msiondoke kituoni bila karatasi hiyo. Hakikisheni jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja tu ikikosewa, mtasumbuka benki na kwenye mafao.

Akifia nyumbani, na mkampeleka hospitali akiwa tayari ameaga, ataandikwa BID, yaani aliletwa akiwa amekwisha kufa. Hapo polisi huingia. Watauliza alikuwa na nani, aliugua nini, alimeza dawa gani. Si kwamba mnashukiwa, ndio utaratibu. Awepo mtu aliyekuwa naye siku za mwisho, na aende na vitu hivi:

- kitambulisho cha taifa cha marehemu, pasipoti, au hati ya ukimbizi;
- kadi au daftari la kliniki kama alikuwa anatibiwa;
- kitambulisho cha anayetoa taarifa;
- jina la mkuu wa kijiji alichokuwa anaishi.

Kama amezama ziwani, ameuawa, amegongwa au hajulikani kilichomuua, msimwoshe, msimvue nguo, msimhamishe kabla polisi hawajafika. Uchungu wa kumwacha mchangani naujua. Lakini kumwosha kunaweza kufuta alama ambazo baadaye mtazihitaji kupata haki yenu.

Jambo moja ambalo sina simile nalo ni kipindupindu. Hugonga hodi mara kwa mara katika vijiji vya pembezoni mwa ziwa. Mtu akifa kwa kuhara na kutapika, maiti yake bado inaambukiza, na kuiosha kwa mikono mitupu kisha kupakua chakula cha msiba ni njia ya kuongeza makaburi. Waiteni watu wa afya, waacheni waoshe na kufunga kwa dawa yao. Dini zote ninazozijua huruhusu hilo panapokuwa na hatari.

Friji: kaulizeni kabla hamjapakia

Hospitali ya misheni ya St Paul's, Kashikishi, ndiyo ya kwanza kuifikiria. Baada ya hapo ni Mansa, makao makuu ya mkoa, zaidi ya kilomita 200 kusini. Kabla hamjaubeba mwili, mtume mtu au mpige simu muulize maswali haya manne:

- Je, friji inafanya kazi leo, na umeme ukikatika jenereta linawashwa?
- Nafasi ipo?
- Malipo ni kwa siku au kwa kipindi, na mtu wa nje ya wilaya analipa kiasi gani?
- Saa za kuchukua mwili ni zipi, na wikendi je?

Swali la mwisho hupuuzwa sana. Watu hukodi gari Jumamosi usiku, wakifika alfajiri mwenye ufunguo hayupo, na dereva anahesabu saa.

"Si tunaweza kumweka nyumbani siku mbili?" Katika joto la bonde la Luapula, bila friji wala dawa, zikeni ndani ya siku moja, au ya pili asubuhi ikibidi. Atatokea mtu wa kupendekeza barafu. Barafu hununua saa chache tu. Dawa ya kuhifadhi mwili, ile ya formalini, hufanya kazi, lakini idungwe na mtu aliyefunzwa hospitalini na ambaye atawaandikia cheti. Kijana anayekuja na bomba la sindano mfukoni hatawapa cheti, na mpakani bila cheti ni kama hamkufanya kitu.

Jeneza

Mafundi seremala wapo Kashikishi na boma ya Nchelenge, na hata vijijini yupo atakayewapigia mbao usiku kucha. Pimeni urefu wa marehemu na upana wa mabega kwa kamba kabla ya kwenda, kwa sababu fundi akikisia hukosea. Muulizeni kama bei inajumuisha kitambaa cha ndani, vishikio na msalaba au kibao cha jina. Msitoe fedha zote mwanzoni.

Kwa maziko ya hapa hapa, jeneza jepesi la mbao za kawaida linatosha. Nasema hivi kwa sababu mashindano ya majeneza yamefika hata huku ziwani, na mjane hubaki na deni la vishikio vya shaba. Wangari Maathai, mshindi wa Nobeli, alipofariki mwaka 2011 jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na hakuna aliyethubutu kusema amedharauliwa.

Kwa safari ya kuvuka mpaka kanuni ni nyingine. Kwa kawaida hutakiwa jeneza lenye bati la zinki ndani, lililofungwa kabisa. Hilo msitegemee kulipata Kashikishi kwa siku moja. Ulizieni Mansa au miji ya Copperbelt, na ulizieni mapema.

Gari, na ujanja wa njia ya mkato

Wengi hukodi pikapu au kanta. Andikeni makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari: bei, nani analipa mafuta, gari litasubiri muda gani, linarudi na watu au tupu. Mwili uwe na gari lake na waombolezaji wawe na lao. Kupakia watu arobaini nyuma ya lori juu ya jeneza, wakiimba, ni desturi iliyokwisha kuleta misiba juu ya msiba katika barabara za Zambia.

Sasa sikilizeni hili kwa makini ninyi mnaoelekea Copperbelt. Dereva atapenda kupita Chembe, avuke daraja la Mto Luapula lililofunguliwa mwaka 2008, atokee Mufulira. Ni njia fupi kweli. Lakini kipande kile katikati ni ardhi ya Kongo. Mkiwa na maiti garini mtakuwa mnatoka Zambia na kuingia Zambia tena, na kila upande una haki ya kuomba karatasi. Kama hamna karatasi za mpakani, mwambieni dereva apite Samfya na Serenje, ndani ya Zambia muda wote, hata kama mafuta yataongezeka. Kubishana na afisa jua la saa saba, jeneza likiwa juani, si jambo la kuliombea.

Kuvuka mpaka

Njia ni hizi, na kila moja ina tabia yake:

- *Kongo kwa maji.* Wengi wa Kilwa na vijiji vya ng'ambo hufikiria boti kwanza. Mkiagiza boti semeni Kilwa ipi: kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, mji wa Kilwa uko Kongo. Vukeni asubuhi, kabla upepo haujaamka, mkiwa wachache na wote mmevaa maboya. Pitieni ofisi ya uhamiaji. Mwili uliovushwa kimyakimya usiku utawaletea mashtaka pande zote mbili.
- *Kongo kwa nchi kavu, kaskazini.* Kupitia wilaya ya Chiengi hadi Pweto. Masika ulizeni hali ya barabara kabla ya kufunga jeneza.
- *Lubumbashi.* Ni mzunguko mrefu hadi Kasumbalesa. Pigeni hesabu ya gari, ya siku za friji na ya chakula cha wasindikizaji kabla ya kusema ndiyo.
- *Tanzania.* Kupitia Kawambwa na Kasama hadi Nakonde na Tunduma. Wasilianeni na Ubalozi wa Tanzania ulioko Lusaka kabla gari halijaondoka. Msisubiri mpaka mfike mpakani.

Karatasi zinazohitajika huwa ni cheti cha kifo au cha sababu ya kifo, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa, kibali cha idara ya afya cha kutoa mwili nchini, hati ya kusafiria ya marehemu, na barua ya ubalozi wa nchi anakopelekwa. Toeni nakala za kutosha, kila moja ikae na mtu tofauti. Ombeni orodha kamili kwa ubalozi kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, kwa sababu maneno ya mdomoni hubadilika kila mkifika dirisha jipya.

Kwa ndugu wa Mantapala

Makazi yalifunguliwa mwaka 2018 kwa waliokimbia Haut-Katanga na Tanganyika, na wazee wamekuwa wakiomba kuzikwa walikozaliwa. Ombi hilo ni zito. Hata hivyo, kabla ya kusindikiza mwili kuvuka, zungumzeni na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi na viongozi wa eneo lenu. Mkimbizi anayerudi nchi aliyoikimbia bila kuaga anaweza kupata taabu kurudi Zambia na kuhifadhi hadhi yake. Familia nyingi huona heri kuzika hapa, kisha kufanya ibada ya kumaliza matanga kule nyumbani siku hali ikiruhusu.

Kuzika hapa hapa

"Tutamzikaje ugenini? Watu watasema tumemtupa." Watasema, ndiyo. Walewale hawatachangia mafuta ya gari. Kama karatasi hazijakamilika na friji haipatikani, kuzika Kabuta ni heshima kamili kwa marehemu.

Nendeni kwa mkuu wa kijiji na mzee mwingine kama mashahidi, mkampe heshima yake kwanza, kisha mwombe eneo. Yeye ndiye mwenye daftari la kijiji na ndiye anayejua wapi maji hutokea. Karibu na ufuko, hasa kati ya Desemba na Machi, kaburi hujaa maji kabla jeneza halijashuka. Ombeni sehemu ya juu. Wachimbaji ni vijana wa kijiji na hawapangiwi bei kama vibarua, bali wanapaswa kulishwa na kushukuriwa. Mkileta vibarua wa kulipwa kutoka nje mtakuwa mmewatukana wenyeji.

Waislamu mlioko safarini: msingoje gari la Mansa. Pigieni simu msikiti wowote mnaoufahamu mkoani, mpate watu wa kuosha, sanda na wa kuswalisha, mzike siku hiyo hiyo.

Piga picha ya kaburi, chukua alama ya eneo kwa simu, na weka kibao cha kudumu. Msalaba wa mti mchwa huumaliza mapema.

Kuchoma mwili: je, ni nafuu?

Wanaouliza swali hili karibu wote wanauliza la gharama, kwa hiyo nijibu la gharama. Hakuna mahali pa kuchomea miili Nchelenge wala Mansa. Zambia kazi hiyo imekuwa mikononi mwa jamii ya Wahindu, na Lusaka ndiko pa kuulizia. Maana yake mwili bado lazima uhifadhiwe, uwekwe sandukuni na usafiri hadi Lusaka. Ukimaliza hesabu hiyo utakuta kaburi la Kabuta ni rahisi mara nyingi zaidi.

Kuchoma kuna maana katika hali mbili: marehemu mwenyewe aliagiza, au nyumbani kwake ni mbali sana, ng'ambo ya bahari, na majivu yanaweza kusafiri pale ambapo jeneza lingeshindwa kulipiwa. Wenye hali hizo wafuate haya:

1. Wasia uwe wa maandishi au wenye mashahidi. "Alikuwa anasema" haitoshi ndugu wakigoma.
2. Sababu ya kifo iwe imethibitishwa na polisi wawe wameridhika. Mwili uliochomwa hauwezi kufukuliwa kuchunguzwa.
3. Waambieni wahusika kama marehemu alikuwa na kifaa cha umeme cha moyo. Lazima kitolewe, hulipuka kwenye moto.
4. Pigieni simu mkaulize kama wanapokea wasio Wahindu, wanatumia kuni au gesi, na majivu yanakabidhiwa lini.
5. Chukueni cheti cha kuchomwa. Chombo cha majivu bila cheti hakipiti uwanja wa ndege.

Msijaribu kuchoma wenyewe kijijini. Moto wa kuni za kupikia haumalizi mwili, kijiji kitawafukuza, na polisi watataka kujua mlikuwa mnaficha nini.

Kuhusu dini: Waislamu hawachomi. Kanisa Katoliki limeruhusu tangu 1963, ingawa maelekezo ya mwaka 2016 yanakataza kutawanya majivu au kuyaweka sebuleni. Yazikwe mahali patakatifu. Wapentekoste hutofautiana kanisa hadi kanisa, muulizeni mchungaji kabla ya kutangaza. Nairobi hofu imepungua kidogo tangu Maathai achomwe Kariokor Oktoba 2011, na Bob Collymore wa Safaricom naye mwaka 2019. Luapula bado. Mkiamua hivyo tarajieni maneno, na msiwafiche wazee.

Fedha na mali, kabla matanga hayajaisha

Rambirambi ziandikwe jina kwa jina, hata zilizotumwa kwa simu, na zisomwe hadharani kabla watu hawajatawanyika. Aliyekuwa na kazi ya ajira ulizieni NAPSA, mfuko wa taifa wa pensheni, ambako kuna fedha za mazishi kwa wanachama. Wakala wa bima ya mazishi akiwafuata msibani kuwauzia, mwambieni aje mwezi ujao, na hata hapo muulize kama kampuni yake inasimamiwa na Mamlaka ya Pensheni na Bima.

Boti, injini, nyavu na pikipiki huanza kutoweka siku ya pili ya msiba. Ziorodhesheni siku ya kwanza, mbele ya mkuu wa kijiji. Sheria ya Zambia ya mwaka 1989 ya urithi usio na wasia inagawa hivi: watoto asilimia 50, mjane au mgane 20, wazazi 20, na wategemezi wengine 10. Ndugu anayebeba mashine ya boti kwa kisingizio cha mila anaweza kushtakiwa, na kitengo cha polisi cha kusaidia waathirika ndicho cha kuanzia.

Laini ya simu ya marehemu msiitupe wala kuivunja. Mara nyingi ndiyo yenye salio la fedha na majina ya waliokuwa wakimdai na aliokuwa akiwadai. Aishike yule mshika karatasi, pamoja na cheti cha kifo, mpaka msimamizi wa mirathi apatikane.